Nyundo za mashine ya kusaga kukatika na kuruka kama risasi: chuma kinavyoshindwa na pigo la kasi

Mhunzi wa Kizota

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu nauelekeza kwa wenye mashine za kusaga na kukoboa, mafundi wa kuchomelea, wachimba visima na wapasua kokoto wa Dodoma na Singida. Kuna ushauri unazunguka mitaani na unaumiza watu: chuma kikikatika, tafuta kigumu zaidi. Palipo na pigo la kasi, ugumu peke yake mara nyingi ndio unaokikata. Nitaeleza kwa nini, na mwenye uzoefu wake aongeze.

Tuanze na hesabu. Nyundo ni vile vyuma bapa vinavyoshikwa kwa pini na kuzunguka na shafti ndani ya mashine, vikiponda mahindi. Chukua nyundo moja ya nusu kilo, kitovu cha uzito wake kikiwa sentimita 25 kutoka katikati ya shafti, mashine ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Nyundo hiyo inakwenda mita 78 kwa sekunde, yaani kilomita 280 kwa saa. Treni ya SGR inayotupeleka Dar imejengewa kasi ya juu ya kilomita 160. Nguvu inayoivuta nyundo itoke kwenye pini yake ni sawa na kuning'iniza mzigo wa tani moja na robo kwenye kile kitundu kimoja. Ikikatika, inaondoka na nishati ya juli 1,500 hivi, karibu mara tatu ya risasi ya bastola ya milimita 9. Ndiyo maana inatoboa bati la mashine bila shida.

Mahindi hayaikati nyundo. Inayoikata ni nati iliyodondokea kwenye gunia, msumari, au jiwe. Chuma kikigonga chuma, mkazo unaozaliwa pale pale, yaani nguvu inayobebwa na kila kipande cha eneo, ni takriban megapaskali 20 (megapaskali ni kipimo cha mkazo) kwa kila mita moja ya kasi kwa sekunde. Zidisha kwa 78, unapata zaidi ya 1,500. Chuma cha kawaida cha bamba kinaanza kupinda kwenye 250 hivi. Hata springi ya lori, ambayo ni chuma cha hali ya juu, mkazo huo unaigusa pabaya.

Watu wengi hudhani ukigonga chuma, pigo linafika chuma chote kwa wakati mmoja. Hapana. Pigo linasafiri kama wimbi, na ndani ya chuma wimbi hilo linakwenda karibu mita 5,000 kwa sekunde. Gonga mtaimbo wa mita moja: ncha ya pili inapata habari baada ya sehemu mbili za elfu kumi za sekunde. Ni haraka mno kwetu, lakini kwa muda huo mahali palipogongwa panabeba mzigo peke yake, na chuma kingine chote hakijajua lolote.

Halafu kuna jambo la pili, na ndilo la hatari zaidi. Wimbi la mbano likifika kwenye uso ulio wazi, ambako hakuna kitu cha kulipokea, linarudi likiwa limegeuka kuwa wimbi la mvuto, linalokivuta chuma kiachane. Vyuma vingi vigumu vinavumilia mbano kuliko mvuto. Kwa hiyo bamba linaweza kugongwa mbele na kumeguka nyuma, upande ambao haukuguswa kabisa. Mwingereza Bertram Hopkinson alilionyesha hili mwaka 1914 kwa kulipua baruti juu ya bamba za chuma: kipande kilibanduka upande wa chini na kuruka.

Nitarudi kwenye tabia ya ndani ya chuma. Kwanza nataka nisikie kwenu, hasa mlioshika kipande kilichokatika.

Mama Unga Kibaigwa

Asante sana mkuu, umenigusa. Mimi nina mashine hapa Kibaigwa karibu na soko. Nyundo zangu anatengeneza fundi kwa springi za lori, anakata kwa gesi na kutoboa tundu kwa gesi hiyo hiyo. Iliyokatika juzi imekatikia kwenye tundu. Nimeitunza. Pale ilipokatika kuna sehemu mbili. Moja iko kando ya tundu, nyeusinyeusi, laini, ina mistari kama nusu duara inayofuatana. Nyingine inang'aa chembechembe kama sukari. Fundi anasema springi ilikuwa feki, nitafute nyingine ngumu zaidi. Nifanyeje?

Mhunzi wa Kizota

Mama, umefanya jambo la maana sana kukitunza hicho kipande, na umekieleza vizuri. Springi haikuwa feki.

Ile sehemu nyeusi yenye mistari ni ufa wa zamani. Ulianza kwenye ukingo wa tundu na ukawa unasogea kidogo kidogo kila mashine ilipowashwa, ilipozimwa na ilipokula kitu kigumu. Kila mstari ni mahali ufa ulipopumzika kabla ya kusogea tena. Weusi ni kutu na vumbi la unga, maana hewa ilikuwa inaingia. Ufa huo ulikuwepo muda mrefu kabla ya siku ya ajali. Sehemu inayong'aa ndiyo iliyokatika siku yenyewe, tena kwa mara moja.

Ufa ulianzia kwenye tundu kwa sababu ya gesi. Springi ya lori ina kaboni nyingi, asilimia 0.5 hadi 0.6 na zaidi kidogo. Ukiipasha hadi ikayeyuka ukingoni, halafu chuma baridi kinachozunguka kikaufyonza moto ule ghafla, ukingo unageuka kuwa matensaiti, chuma kigumu sana chenye kukatika kama kioo. Safu yake ni nyembamba, lakini iko pale pale ambapo tani moja na robo inavuta. Ongeza na mikwaruzo inayoachwa na moto wa gesi, kila mkwaruzo ni mwanzo wa ufa.

Kwa hiyo tundu litobolewe kwa drili. Kama fundi hana budi kutumia gesi, atoboe dogo kwanza, kisha alipanue kwa drili mpaka ule ukingo ulioungua uishe. Kingo za tundu zisiachwe kali, zipigwe msasa ziwe za mviringo.

Na kabla ya kufunga nyundo, ikaguliwe. Njia ya zamani bado inafanya kazi: safisha nyundo, iloweke kwenye mafuta ya taa, ifute ikauke kabisa, halafu ipake chokaa nyeupe iliyoloweshwa kwa spiriti. Chokaa ikikauka, acha kidogo, kisha ipige nyundo taratibu kwa kitu cha mti. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari mweusi juu ya chokaa. Nyundo yenye mstari huo isirudi ndani ya mashine, hata kama unaona imebaki nzima.

Kuhusu zile chembe zinazong'aa. Chuma ni mkusanyiko wa chembe ndogo zilizoshikana. Kikikatika polepole na kwa afya, kinavutika kwanza. Ndani yake vitundu vidogo vinafunguka kuzunguka uchafu, mara nyingi uchafu wa salfa na manganizi, vinakua, vinaungana, na uso unabaki wa kijivu, wa nyuzinyuzi, usiong'aa. Kikikatika kwa ghafla, chembe zinapasuliwa katikati kwenye tabaka zake, na kila tabaka ni bapa na linaakisi mwanga. Ukiona kung'aa, ujue chuma hakikupata nafasi ya kupinda.

Injinia Mtarajiwa

Mkuu shikamoo. Nasoma uhandisi hapa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Naomba unisaidie hapa. Tunafundishwa kwamba ukivuta chuma kwa kasi kubwa zaidi, nguvu yake ya kuanza kupinda inapanda. Sasa kama kasi inakiongezea nguvu, inakuwaje kasi hiyo hiyo ndiyo inayokivunja?

Mhunzi wa Kizota

Marahaba kijana wangu. Swali lako ndilo moyo wa uzi huu.

Chuma kinapinda kwa sababu kuna kasoro za mpangilio ndani ya chembe zake, dislokesheni, na kasoro hizo husogea. Safu ya atomi haitelezi yote kwa pamoja, inateleza kidogo kidogo kadiri kasoro zinavyosafiri. Ili kasoro ivuke kizuizi inahitaji msaada wa mtikisiko wa joto, na inahitaji muda wa kuupata mtikisiko huo. Ukivuta polepole, muda upo. Ukigonga kwa kasi, muda haupo, kwa hiyo lazima uongeze mkazo ili kasoro zisogee kwa nguvu. Ndiyo maana nguvu ya kuanza kupinda inapanda. Hapo mwalimu wako yuko sahihi kabisa.

Lakini kuna mkazo wa pili, ule unaohitajika kupasua chembe katikati. Huo haubadiliki sana, uwe na haraka au usiwe nayo. Sasa ziweke pamoja. Kasi inainua mkazo wa kupinda mpaka unaufikia mkazo wa kupasuka. Zikishakutana, chuma kinapasuka kabla hakijapinda. Nguvu iliyoongezeka ndiyo hiyo hiyo iliyoua uwezo wa kupinda.

Baridi nayo inafanya hivyo hivyo, kwa sababu inapunguza ule mtikisiko wa joto. Kwa hiyo kwa chuma cha kawaida, kasi hufanya kazi ya baridi. Dodoma hatuna barafu, hata asubuhi za Julai, lakini chuma kinachogongwa kwa mita 78 kwa sekunde kinajiona kiko kwenye nchi yenye baridi kali.

Dunia ilijifunza hili kwa hasara. Januari 1943, meli ya mafuta SS Schenectady ilikuwa imefungwa gatini huko Portland, Marekani, maji yakiwa yametulia, ikapasuka karibu vipande viwili kwa kishindo kimoja. Meli nyingi za Vita vya Pili vya Dunia zilizoungwa kwa kuchomelea zilipata nyufa za namna hiyo. Constance Tipper wa Cambridge alionyesha kwamba tatizo lilikuwa kwenye chuma chenyewe, ambacho kwa baridi kiliacha kuvutika na kuanza kupasuka. Na meli iliyounganishwa kwa kuchomelea ni kipande kimoja, ufa ukianza haukuti mwisho wa bamba wa kuuzuia.

Tabia hii ni ya chuma cha kawaida na ndugu zake, kwa sababu ya jinsi atomi zake zilivyojipanga. Shaba, aluminiamu na ule chuma kisichoshika kutu cha sufuria na masinki hazina ugonjwa huu wa baridi. Zinaweza kukatika, lakini hazigeuki ghafla kuwa kioo.

Kuhusu kupima: mashine ya kawaida ya kuvuta chuma maabara inakwenda taratibu sana, haiwezi kukuambia chochote kuhusu pigo. Kuna kipimo cha Charpy, kwa jina la Mfaransa Georges Charpy wa mwanzoni mwa karne ya 20. Kipande cha milimita 10 kwa 10 kwa 55, kimekatwa mkato wa milimita 2, kinagongwa na pendulamu inayofika kwa mita 5 hivi kwa sekunde. Unasoma nishati iliyomezwa. Kwa kasi kubwa zaidi kuna fito mbili ndefu za chuma na kipande kidogo katikati yake, kazi ya Hopkinson iliyoboreshwa na Herbert Kolsky mwaka 1949. Wimbi linapita fito ya kwanza, kipande, fito ya pili, na kwa kusoma mawimbi yaliyorudi na yaliyopita unajua chuma kilivyoitikia ndani ya muda mfupi kuliko sehemu ya elfu ya sekunde.

Fundi Majengo

Mkuu nakuheshimu, lakini hapa kwenye kuchomelea mnatuonea mafundi. Mimi naongeza rodi ngumu ya kuchomelea kwenye ncha za nyundo na zinadumu mara mbili ya zile za kawaida. Wateja wananirudia. Sasa unataka kusema kazi hiyo ni mbaya?

Mhunzi wa Kizota

Fundi, kazi hiyo si mbaya, na kuongeza rodi ngumu kwenye ncha ni elimu halali. Ncha ndiyo inayoliwa na mahindi, na ncha haibebi uzito wa nyundo nzima. Mzigo unakua kadiri unavyosogea kuelekea kwenye tundu. Kwa hiyo ugumu ukae nchani na moto wako usifike karibu na tundu.

Lakini kuna mambo matatu ambayo nakuomba kama ndugu uyazingatie. Pasha springi kwanza, nyuzi za Selsiasi 200 hadi 300, ndipo uchomelee. Ukimaliza, usiitupe chini wala kwenye maji, ifukie kwenye majivu makavu au chokaa ipoe yenyewe hadi kesho. Na rodi zako zisiwe zimevuta unyevu, maana unyevu unatoa haidrojeni, haidrojeni inaingia kwenye chuma kilichoyeyuka, na chuma kigumu kikishapoa inakaa ndani ikitafuta pa kutokea. Ufa wa haidrojeni hauonekani siku hiyo. Unakuja baada ya saa kadhaa, hata siku mbili, wakati nyundo imeshafungwa kwenye mashine ya mtu. Ndiyo maana fundi anaapa kwamba aliitoa ikiwa nzima, na anasema kweli.

Halafu pima uzito. Nyundo zinazotazamana ziwe na uzito sawa. Ukiongeza rodi upande mmoja zaidi, shafti inatikisika, beringi zinakufa, na kila tundu linapata mitikisiko ambayo halikustahili.

Fundi Majengo

Hapo kwenye ufa wa siku ya pili umenijibu jambo ambalo nimebishana na wateja miaka mingi. Nimepokea mkuu. Swali: nikipata chuma sijui ni cha aina gani, nitakijuaje bila maabara?

Mhunzi wa Kizota

Anza na grainda, kazini kwako ipo. Kibandike chuma kwenye jiwe la grainda sehemu yenye kivuli uangalie cheche. Chuma chenye kaboni kidogo kinatoa mistari mirefu yenye milipuko michache. Kadiri kaboni inavyoongezeka, mistari inafupika na milipuko mwishoni inakuwa mingi, inachanua. Kasti, yaani chuma cha kumimina, inatoa cheche fupi, nyekundunyekundu, karibu na jiwe. Weka pembeni kipande cha nondo, cha springi na cha faili unachokijua, ulinganishe. Macho yafunikwe.

Halafu sumaku. Nitaachia wengine waelezee chuma kisichoshikwa na sumaku, naona kuna mtu wa kokoto humu.

Kokoto Ihumwa

Nipo mkuu. Sisi taya za mashine ya kuvunja mawe ni za chuma cha manganizi, na sumaku haizishiki, au inazishika kidogo sana. Chuma hicho kiligunduliwa na Robert Hadfield wa Uingereza mwaka 1882. Kina manganizi asilimia 12 hadi 14 hivi na kaboni zaidi kidogo ya asilimia 1. Ukiwa nacho kipya unaweza kukidhania laini, faili inakila. Lakini kila kinapogongwa na jiwe kubwa uso wake unakuwa mgumu zaidi, na ndani kinabaki kilekile cha kunyumbulika. Ndiyo maana hata njiapanda za reli, pale gurudumu linaporuka pengo, wanakitumia.

Kuna watu wamenunua taya zilizochakaa wakatengenezea nyundo za mashine ya mahindi. Wanasema zinaisha haraka. Sijui kwa nini.

Mhunzi wa Kizota

Kwa sababu mahindi ni laini mno kwake. Chuma cha manganizi kinataka kipigwe sana ndipo kiwe kigumu. Granaiti yetu inakipiga vizuri, mahindi yanakikwaruza tu, kwa hiyo uso unabaki laini na unaliwa. Chuma bora kabisa, mahali pasipo pake.

Fundi Majengo, hapa naomba uwe makini sana kwa sababu sheria zinageuka kichwa chini. Springi ukiipoza kwa maji inakuwa kioo. Chuma cha manganizi kiwandani kinapashwa hadi zaidi ya nyuzi 1,000 na kutumbukizwa majini, na hapo ndipo kinapata ustahimilivu wake. Springi lazima uipashe kabla ya kuchomelea. Manganizi usiipashe hata kidogo. Chomelea vipande vifupi, acha ipoe uweze kugusa karibu na ulipochomelea, ndipo uendelee. Ikikaa juu ya nyuzi 300 hivi kwa muda, kaboni inajitenga kwenye mipaka ya chembe na chuma kinakuwa cha kukatika. Fundi anayetibu chuma hiki kama springi anakiua kwa wema. Ndiyo maana kipimo cha sumaku kije kwanza, kabla hujawasha mashine ya kuchomelea.

Mchimba Visima Bahi

Mimi nachimba visima, mara nyingi kwenye mwamba mgumu wa huku kwetu. Maelezo ya wimbi la mbano kugeuka la mvuto yamenifungua macho. Tunaambiwa kila siku: usiache nyundo ya upepo, ile inayogonga fito ya kuchimbia, ipige hewani; biti, ile ncha inayochimba, lazima ikandamizwe kwenye mwamba. Nilijua ni sheria, sikujua sababu.

Na mimi niongeze nilichokiona. Zile punje ngumu za kwenye biti zikiisha zikawa bapa, halafu mtu akaendelea kuchimba, zinaanza kupasuka. Tukizisaga zikarudi kuwa za mviringo zinadumu.

Mhunzi wa Kizota

Hasa mkuu. Fito ya kuchimbia ni ile ile fito ya Hopkinson, tofauti ni kwamba mwishoni mwake kuna mwamba wa Dodoma badala ya kipande cha maabara. Biti ikikaa sawasawa kwenye mwamba, sehemu kubwa ya wimbi inaingia kwenye mwamba na kuuvunja. Ukipiga hewani, wimbi lote linafika mwisho, halina pa kwenda, linageuka mvuto na kurudi juu. Linapita kwenye nati na uzi wa fito, mahali penye mikato iliyo tayari, na kila mkato unauongeza mkazo. Ndiyo maana fito zinakatikia kwenye uzi.

Zile punje ni tangsteni kabaidi iliyoshikanishwa kwa kobalti. Kabaidi ni gumu kupita chuma chochote tunachokizungumzia hapa, lakini kwa mvuto ni dhaifu. Kobalti ndiyo inayolipa uvumilivu. Ikiwa ya mviringo, punje inabanwa, na mbano inaupenda. Ikishakuwa bapa, kingo zake zinapata mvuto na kumeguka. Ulichokiona ni sahihi.

Mzee wa Mpwapwa

Vijana, mimi nimeshika tindo na nyundo maisha yangu yote, sasa nimestaafu. Tindo ikigongwa sana kichwa chake kinachanua kama uyoga. Zamani bwana mkubwa wa karakana alikuwa anatunyang'anya tindo ya namna hiyo na kuisaga palepale. Mwenzetu mmoja aliingiwa na kipande kwenye jicho kwa kugonganisha nyundo mbili. Jicho halikurudi. Naomba mlieleze hili kwa watoto wanaopasua mawe bila miwani.

Mhunzi wa Kizota

Shikamoo mzee wangu. Pole kwa mwenzenu, na asante kwa kulileta.

Hapa kuna jambo ambalo bado sijaligusa. Chuma kinapopindishwa, karibu asilimia 90 ya kazi unayoifanya inageuka joto. Wanasayansi Geoffrey Taylor na Quinney walilipima mwaka 1934. Ukipinda polepole, joto linatawanyika, hulioni. Ukigonga kwa kasi, halina muda. Ndani ya sehemu moja ya laki moja ya sekunde, joto katika chuma linasogea mikroni 10 tu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wembamba kuliko unywele. Kwa hiyo pale palipoanza kuteleza panapata moto, pakipata moto panalainika, pakilainika panateleza zaidi, na mtelezo wote unajikusanya kwenye utepe mwembamba sana huku chuma kilicho pembeni hakijasogea. Utepe huo ukipita, kipande kinakatwa kama kwa kisu. Henri Tresca aliona mistari ya moto ya namna hiyo alipokuwa akifua aloi ya platina na iridiamu miaka ya 1870. Wanasayansi Zener na Hollomon waliueleza utepe huo vizuri mwaka 1944. Aloi za titaniamu zinaupata ugonjwa huu kirahisi kwa sababu zinapitisha joto kwa shida.

Uso wa nyundo umefanywa mgumu makusudi. Nyundo mbili zikigongana, ngumu kwa ngumu, hakuna inayokubali kupinda ili kumeza pigo. Ukingoni utepe unazaliwa, kimeguko kinatoka kikiwa kidogo kama punje ya ulezi, chenye ncha kali, na kinakwenda kwa kasi ambayo jicho haliwezi kufumba kabla hakijafika.

Ndiyo maana tindo nzuri ina tabia mbili katika mwili mmoja: ncha imefanywa ngumu, kichwa kimeachwa laini. Kichwa kilaini kinachanua, na hiyo ni kazi yake. Lakini zile pindo zilizochanua zimeshagongwa mpaka zimechoka na zina nyufa, kwa hiyo zisagwe mara zinapoanza kujikunja. Na mtu asitengeneze tindo kwa faili kuukuu kwa kuinoa tu. Faili ina kaboni ya asilimia 1 na zaidi na imeachwa na ugumu wake wote. Inakata chuma kwa kusuguliwa. Kwa kugongwa inapasuka.

Injinia Mtarajiwa

Mkuu, mhunzi anaifanyaje ncha iwe ngumu bila kuwa kioo?

Mhunzi wa Kizota

Anaipasha ncha iwe nyekundu, anaichovya nchani tu, halafu anaisugua haraka ing'ae na kuangalia rangi zinazosafiri kutoka kwenye sehemu yenye moto kuja nchani. Rangi ya majani makavu ni nyuzi 220 hivi, zambarau ni 280 hivi, bluu ni karibu 300. Kwa tindo ya kugongwa, rangi ya zambarau ikifika nchani anaizima. Anapoteza ugumu kidogo na kupata uvumilivu mwingi. Springi zinarudishwa juu zaidi, nyuzi 400 hadi 500, ndiyo maana zinapinda na kurudi.

Mama Unga Kibaigwa

Nimesoma kila kitu hadi hapa, Mungu awabariki. Nimeshamwambia fundi atumie drili, amekubali. Mzee wa Mpwapwa amenitia hofu kuhusu vijana wangu wanaomimina mahindi. Nyundo mpya zikishafungwa, kitu gani kingine nifanye?

Mhunzi wa Kizota

Mama, nunua sumaku yenye nguvu uifunge kwenye mdomo wa mashine, mahindi yapite juu yake. Nati na misumari itanasa hapo, na isafishwe kila jioni. Mawe hayanaswi na sumaku, kwa hiyo mahindi ya kutoka kupurwa chini yapite kwenye chekeche kwanza.

Pini zinazoshika nyundo zibadilishwe pamoja na nyundo. Pini iliyolika inaipa nyundo nafasi ya kucheza, na kila ikicheza inalipiga tundu lake.

Usikubali mtu aongeze puli kubwa kwenye injini ili mashine isage haraka. Nguvu inayovuta tundu haipandi sawasawa na mzunguko, inapanda kwa mraba wake. Kutoka mizunguko 3,000 kwenda 3,600 ni ongezeko la asilimia 20, lakini mvuto kwenye tundu unapanda kwa asilimia 44.

Bati la nje likichakaa lisizibwe kwa kipande chembamba. Liwekwe bamba nene la chuma cha kawaida, chenye kaboni kidogo, kwa sababu tunataka lipinde na kuimeza nyundo ikitokea imekatika. Hapo hatutaki chuma kigumu.

Na wakati wa kuwasha, hasa baada ya kufunga nyundo mpya, kijana asisimame mbele wala nyuma ya mashine, kwenye mstari ambao nyundo zinazungukia. Asimame upande wa beringi, mashine ifike mzunguko wake kamili, aisikilize kwa dakika chache, ndipo amimine gunia la kwanza.